Waliojifunza Kuusoma Mwamba wa Olkaria

Karibu nusu ya umeme wa Kenya unatoka chini ya ardhi, na sehemu kubwa ya umeme huo inatoka eneo moja: Olkaria, kusini mwa Ziwa Naivasha, ndani ya Bonde la Ufa. Mtambo wa kwanza, wa megawati 15, ulianza kufua umeme mwaka 1981. Kufikia 1985 mitambo ilikuwa mitatu, megawati 45 kwa jumla. Leo uwezo wa jotoardhi nchini humo unazidi megawati 900. Wengi wakizitazama takwimu hizo huona mashine. Mimi huona watu: nani alijua pa kuchimba, alijifunza wapi, na kwa nini ujuzi wake haukupanda ndege kurudi ulikotoka mradi ulipokwisha?

Maswali hayo ndiyo yanayopima maneno mawili yasiyokosekana katika mikutano ya tabianchi, yaani kujenga uwezo na uhawilishaji wa teknolojia. Mataifa tajiri yaliyaahidi katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Mabadiliko ya Tabianchi wa mwaka 1992. Makubaliano ya Paris ya 2015 yakayarudia: kifungu cha 10 kinazungumzia teknolojia, cha 11 kinazungumzia uwezo. Lakini mara nyingi kinachofika kwetu ni kifaa na semina ya siku chache. Kifaa kikiharibika, kila mtu anakaa kumsubiri fundi kutoka nje. Olkaria ilikwenda njia nyingine, na njia hiyo inafaa kuelezwa kwa undani.

Tuanzie kwenye mwamba wenyewe. Katika Bonde la Ufa gamba la dunia limevutwa na kuwa jembamba, na mawe yaliyoyeyuka yako karibu na uso wa ardhi kuliko kwingineko. Maji ya mvua huzama kupitia nyufa, hupata joto na kubaki yamebanwa. Mtaalamu akipata mahali panapofaa, huchimba kisima cha kilomita mbili hadi tatu, hukiwekea ndani mabomba ya chuma yaliyoshikiliwa na saruji, kisha mchanganyiko wa maji na mvuke hupanda kwa nguvu. Juu, mvuke hutenganishwa na maji na kupelekwa kuzungusha mtambo wa umeme, na maji hurudishwa ardhini kupitia visima vingine ili hazina isikauke.

Ugumu uko kwenye maneno hayo mepesi, "mahali panapofaa". Kisima kimoja hugharimu mamilioni ya dola, na kikitoka kikavu fedha hazirudi. Miaka ya 1950 visima viwili vya kwanza vilichimbwa Olkaria na havikutoa mvuke wa kutosha. Kazi ikalala hadi miaka ya 1970, serikali ya Kenya ilipoirudia kwa msaada wa Umoja wa Mataifa.

Ili kupunguza bahati nasibu hiyo, taaluma kadhaa hukaa meza moja. Mjiofizikia hupima jinsi miamba inavyopitisha umeme, kwa sababu maji moto hugeuza mwamba kuwa udongo wa mfinyanzi unaopitisha umeme kwa urahisi, na tabaka hilo mara nyingi hukaa kama kifuniko juu ya hazina yenyewe. Mjiokemia huchota gesi na maji yanayovuja juu ya ardhi. Maji yakiwa moto zaidi huyeyusha silika nyingi zaidi, kwa hiyo kiasi cha silika katika chemchemi humwambia joto la huko chini kabla hata keekee haijagusa ardhi. Uchimbaji ukianza, mjiolojia huchunguza vipande vya mwamba vinavyopandishwa na tope la kuchimbia. Akiona epidoti, madini ya kijani, anajua mwamba huo umewahi kufikia joto la takriban nyuzi 250 za Selsiasi. Akiyakosa kwa kina kirefu mno, ana sababu ya kuwa na wasiwasi.

Ujuzi wa namna hii haununuliki pamoja na mashine. Kanuni za silika na epidoti ni zilezile duniani kote, lakini nyufa za Olkaria ziko Olkaria tu, na anayezijua ni yule aliyekaa nazo visima vingi mfululizo.

Mwaka 1979 Iceland ilianza kuendesha mafunzo ya jotoardhi chini ya Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa, kozi ya miezi sita mjini Reykjavík. Kenya imepeleka huko wataalamu wengi kuliko nchi nyingine yoyote. Kwangu, siri ya mafanikio ilikuwa jinsi walivyochaguliwa: mwanafunzi alipelekwa na taasisi inayofanya kazi hiyo, mara nyingi akafanyia utafiti wake data za nyumbani, kisha akarudi kwenye kiti chake kukiwa na kisima kinachomngoja. Waliorudi wakawa walimu. Kuanzia mwaka 2005 kozi fupi za programu hiyo zilifanyika Kenya kwenyewe, kwa washiriki kutoka nchi mbalimbali za Afrika, na Wakenya waliosoma Iceland walikuwa miongoni mwa waliosimama mbele ya darasa.

Ukame nao ulisukuma kazi. Mwaka 2000 mabwawa ya Mto Tana yalipungua maji na Kenya ikaingia katika mgawo mkali wa umeme. Nchi iliyotegemea mvua kwa taa zake ilijionea kwamba mvuke hauulizi msimu. Olkaria II ikaanza kazi 2003, Olkaria IV ikafuata 2014, Olkaria V mwaka 2019. Mwaka 2008 serikali iliunda kampuni ya kuendeleza jotoardhi, GDC, ibebe hatari ya uchimbaji wa awali ambayo mwekezaji binafsi huikimbia. Mitambo ya uchimbaji ya kukodi na wafanyakazi wa kampuni ya kigeni vikaanza kuachia nafasi mitambo inayomilikiwa na taasisi za Kenya na kuendeshwa na Wakenya.

Pengo bado lipo. Mashine zinazozungushwa na mvuke kule Olkaria nyingi zimetengenezwa Japani, na sioni dalili kwamba karibuni zitatengenezwa Nairobi au Dar es Salaam. Na kuna deni la aina nyingine. Familia za Kimaasai zilizohamishwa kupisha Olkaria IV zililalamika mbele ya Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, hadi usuluhishi ukafanyika. Uwezo wa taifa unahusu pia kujua kuzungumza na mwenye ardhi kabla ya kuichimba, na katika hilo wahandisi hawakuwa wamefundishwa vya kutosha.

Hata hivyo, mwaka 2019 KenGen, kampuni ya Kenya ya kufua umeme, ilipata kazi ya kuchimba visima Ethiopia, Aluto Langano na Tulu Moye, na baadaye ikapata kazi Djibouti. Nchi iliyopeleka vijana kusoma Reykjavík sasa inauza huduma hiyo kwa jirani zake. Kwangu, hicho ndicho kipimo cha kweli cha uhawilishaji.

Tanzania iko nyuma kidogo kwenye barabara hiyohiyo. Kampuni ya umma ya jotoardhi, TGDC, iliundwa 2013, na Ngozi, mkoani Mbeya, ni miongoni mwa maeneo yanayofanyiwa kazi. Ningependa wahariri na wabunge wanaofuatilia mradi huo wapunguze kuuliza megawati zitapatikana lini, waulize kwanza data za kila kisima zinahifadhiwa wapi na zinasomwa na nani. Waulize pia wajiolojia vijana wa Kitanzania wako wangapi kwenye zamu ya usiku, pale vipande vya mwamba vinapotoka. Na vijana hao wakishamaliza kisima cha kwanza, je, bajeti ya kisima cha pili na cha tatu ipo, au watarudi ofisini kusubiri mfadhili mpya huku waliyojifunza yakififia?