Mavazi ya Mashindano ya Enduro: Tununue Nini Kwanza?

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu la muhula nijibu swali nililoletewa na mwalimu anayesimamia Chama cha Baiskeli. Ameniandikia ya kwamba vijana kumi na wawili wamejiandikisha kushindana kwa mtindo uitwao enduro katika milima yetu ya Usambara, ya kwamba mfuko wa chama ni mdogo, na ya kwamba baadhi ya wazazi wamekataa kutia sahihi kwa kuwahofia watoto wao. Anauliza: fedha zilizopo zinunue nini kwanza? Mimi nilisoma hapo, na sasa ni fundi wa baiskeli hapa Finale Ligure, mji mdogo wa pwani ya Italia, ambako watu hutoka nchi nyingi kuja kuteremka milimani. Nitaeleza niyajuayo kwa kazi yangu, na mwisho nitatoa jibu langu waziwazi ili mzazi, mwalimu na mwanafunzi walipime.

Enduro ni nini

Katika enduro mshindani hupanda mlima kwa kukanyaga pedeli mwenyewe. Mwendo wake wa kupanda hauhesabiwi, ila hana budi kufika mwanzo wa mteremko kabla ya saa aliyopangiwa. Kisha huteremka peke yake, na hapo ndipo saa huanza kuhesabu. Miteremko hiyo huitwa hatua maalum, nayo huwa kadhaa kwa siku moja. Nyakati za hatua zote hujumlishwa, na mwenye jumla ndogo ndiye mshindi. Mfululizo wa dunia wa mchezo huu ulianza Punta Ala, hapa Italia, mwezi wa Mei 2013, na msimu huo wa kwanza ulimalizikia katika mji huu wetu mwezi wa Oktoba. Tangu mwaka 2023 mashindano hayo yamekuwa Kombe la Dunia chini ya UCI, chama cha baiskeli cha dunia.

Kwa maelezo hayo utaona shida ya mavazi. Vazi linalofaa kuteremka, yaani zito na lililofunika mwili, humchosha mtu na kumtia joto anapopanda. Vazi linalofaa kupanda, jepesi na lenye kupitisha upepo, halimkingi vya kutosha anapoteremka. Kuchagua mavazi ya enduro ni kutafuta kadiri kati ya mambo hayo mawili.

Kazi ya kofia

Wengi hudhani kofia ngumu, au helmeti, hukinga kichwa kwa ugumu wa ganda lake la nje. Sivyo. Kazi kubwa hufanywa na lile povu gumu jeupe lililo ndani, la namna ile inayofungiwa televisheni mpya ndani ya sanduku. Povu hilo likigongwa hubonyea, na katika kubonyea hukipa kichwa nafasi ya kusimama taratibu kidogo.

Wanafunzi wa Fizikia wataelewa kwa hesabu. Kitu kikidondoka kutoka mita 1.5 hufika chini kwa mwendo wa mita 5.42 kwa sekunde, yaani kadiri ya kilomita 19 na nusu kwa saa. Huo ndio mwendo unaotumiwa katika kanuni ya Ulaya iitwayo EN 1078, ambapo kofia huvikwa kichwa cha bandia na kugongeshwa juu ya chuma bapa. Tuseme kichwa kinasimama ndani ya milimita 2 tu: punguzo la mwendo, kwa wastani, ni kadiri ya mara 750 ya mvuto wa dunia. Kikisimama ndani ya milimita 20, ni mara 75. Kanuni yenyewe haikubali kofia inayopitisha zaidi ya mara 250 wakati wowote wa pigo. Basi kofia haina uchawi. Huongeza milimita chache za kusimama, na milimita hizo huweza kuwa uhai wa mtu.

Lakini kichwa aghalabu hakigongi ardhi wima. Hugonga kwa mshazari, kikazungushwa ghafla, na mzunguko huo huudhuru ubongo. Huko Sweden, katika miaka ya 1990, Hans von Holst na Peter Halldin walilichunguza jambo hili, na katika uchunguzi wao ikatoka namna ya kofia iitwayo MIPS, yenye utando mwembamba ndani unaoteleza milimita 10 hadi 15 wakati wa pigo. Siku hizi kofia nyingi zinao utando huo au kifaa kingine cha kazi hiyo hiyo. Ukiweza kuipata, ichukue.

Aina tatu

Ya kwanza ni kofia wazi, ifunikayo utosi, kisogo na pande za kichwa. Uzito wake ni kadiri ya gramu 350 hadi 450. Hupitisha upepo, nayo bei yake ni nafuu, lakini meno na taya haziwi na kinga yoyote.

Ya pili ni kofia kamili, yenye upau mbele ya kidevu. Ile ya mashindano ya kuteremka tu huweza kufikia kilo moja au kuzidi, na kupanda nayo mlima mrefu ni taabu. Kwa ajili ya enduro watengenezaji wametoa kofia kamili nyepesi, nyingi zikiwa kati ya gramu 650 na 850, zenye matundu mengi ya hewa.

Ya tatu ni ile ambayo upau wake wa kidevu huondolewa wakati wa kupanda, ukarudishwa kabla ya kuteremka. Ni nzuri, lakini ghali, na vifungo vyake vyataka kukaguliwa kila mara.

Jambo moja lijulikane. Kanuni ya EN 1078 haipimi upau wa kidevu. Anayetaka upau uliopimwa atafute alama ya ASTM F1952, kanuni ya Marekani ya kofia za kuteremka. Tena, waandalizi wa mashindano wengi huwalazimisha washindani kuvaa kofia kamili katika hatua maalum. Kwa hiyo soma sheria za shindano kabla ya kufungua mkoba.

Kofia za mtumba

Najua ya kwamba sokoni kwetu hupatikana kofia za mtumba kwa bei ndogo, na mzazi mwenye watoto wanne shuleni hawezi kulaumiwa akizitazama. Hata hivyo nasema: shati la mtumba ni sawa, kofia ya mtumba sivyo. Povu likisha kubonyea halirudi kuwa kama lilivyokuwa, na mara nyingi ganda la nje huonekana zima kabisa. Huwezi kujua kama mwenyewe wa kwanza alianguka nayo. Kwa sababu hiyo hiyo, kofia iliyopata pigo kubwa huvunjwa ikatupwa, hata ikiwa ya jana. Na hata isiyopata pigo haidumu milele: shirika la Marekani linalosimamia usalama wa bidhaa hushauri kofia ibadilishwe baada ya miaka 5 hadi 10.

Kofia njema isiyomkaa mtu vizuri haina faida. Ikae sawasawa, ukingo wake wa mbele uwe vidole viwili juu ya nyusi. Kamba zikutane chini kidogo ya sikio, na kati ya kamba na kidevu pasipite zaidi ya vidole viwili. Ukitikisa kichwa kabla ya kufunga kamba, kofia isicheze. Ikiwa ni kofia kamili, sponji za mashavuni zishike pande zote.

Vitu vingine

Baada ya kichwa, magoti. Kinga za goti za siku hizi nyingi ni za mpira laini unaokuwa mgumu ukipigwa ghafla, hivyo mtu huweza kupanda nazo. Tafuta alama EN 1621-1. Daraja la 2 hupitisha nguvu ndogo kuliko daraja la 1. Glavu za vidole vizima huokoa ngozi ya viganja, maana anayeanguka hutanguliza mikono. Miwani huzuia vumbi na vijiwe. Asiyeona njia hawezi kuifuata. Viatu viwe vya soli ya mpira bapa inayoshika pedeli. Kinga ya mgongo ni nzuri njia ikiwa ya mawe makali, lakini si ya kutangulia.

Nami kama fundi naongeza kitu ambacho watu hawakihesabu kuwa vazi: breki. Mpira wa breki ulioisha ni hatari kuliko kukosa glavu.

Jibu langu

Nashauri hivi. Chama kinunue kofia wazi kumi na mbili, mpya, zenye alama ya kanuni, kila moja ikipimwa juu ya kichwa cha mwenyewe. Kisha breki zote zitengenezwe. Kisha kinga za magoti, kisha glavu. Na kwa kuwa kofia wazi haikingi uso, mwaka huu hatua maalum zipitishwe katika njia za udongo zisizo na mawe wala mruko. Njia ichaguliwe kwa kadiri ya kofia tuliyo nayo. Njia za mawe zingoje siku tutakapoweza kununua kofia kamili.

Ikiwa fedha zitatosha kofia sita tu, basi waendeshe sita. Wengine washike saa, wasimame kwenye kona na bendera, na wakae na sanduku la huduma ya kwanza. Shindano la enduro haliwezi kuendeshwa bila watu hao. Na yeyote atakayegonga kichwa, hata akisema hajambo, asiendeshe tena siku ile, aangaliwe na daktari.

Wazazi wangu, sitawaambia ya kwamba mavazi huondoa hatari. Tarehe 27 Agosti 2022 Suleiman Kangangi wa Kenya, nahodha wa timu ya Amani na mwendeshaji hodari, alianguka katika mashindano ya njia ya changarawe huko Vermont, Marekani, akafariki. Hatari ipo, na mtoto asifichwe. Lakini vijana wa milimani wataendelea kuteremka na baiskeli zao tukiwapa ruhusa au tukiwanyima. Mimi nimekulia huko, najua. Afadhali wateremke wakiwa na kofia, breki nzima, na mwalimu aliyeikagua njia. Sahihi yenu isingoje ahadi kwamba hakuna atakayeanguka. Ingoje kuiona kofia imo kichwani, imefungwa.

Mwanafunzi wa Zamani,
Finale Ligure, Italia