Viini Vitatu vya Wako
(Sehemu ya nne)

Juma lililopita tuliona kwamba hakuna ajuaye kiini kimoja kitaoza lini. Kinachojulikana ni tabia ya wengi. Je, wengi wenyewe wasipopatikana?

Katika taasisi ya RIKEN, mjini Wako nchini Japani, kundi la Kosuke Morita lilirusha viini vya zinki-70 kwenye utando mwembamba wa bismuthi-209, likitafuta elementi ya 113. Siku 553 za kurusha zilizaa viini vitatu tu: tarehe 23 Julai 2004, 2 Aprili 2005 na 12 Agosti 2012.

Viwili vya mwanzo vilitoa alfa nne kila kimoja, vikawa dubniamu-262, kisha vikapasuka. Sasa, dubniamu-262 ilikwisha kuchunguzwa zamani: takriban theluthi moja ya viini vyake hupasuka, vingine hutoa alfa. Mwenye haraka angesema, mbona vyote viwili vimepasuka, basi hii si dubniamu. Lakini theluthi ya theluthi ni moja ya tisa, na jambo la namna hiyo hutokea bila kumshangaza yeyote anayecheza karata. Tatizo la kweli lilikuwa jingine. Alfa hutoka na nishati inayoweza kulinganishwa na vipimo vya awali. Mpasuko haumtaji aliyepasuka. Ndiyo maana kiini cha tatu kilipotoa alfa sita mfululizo hadi mendeleviamu-254, kilibeba uzito zaidi kuliko wenzake wawili. Elementi ilitambuliwa rasmi mwishoni mwa 2015, ikaitwa nihoniamu mwaka uliofuata.

Kuhusu muda wa kuishi, uchache huo huuma zaidi. Ukipima kiini kimoja tu, kadirio bora la wastani wa maisha ni muda ule ule kilioishi. Ila mipaka ya kawaida ya kosa, ile ya asilimia 68, huanzia karibu nusu ya muda huo na kufika karibu mara sita yake. Tazama jinsi upande wa juu ulivyorefuka! Vitabu vinavyochapa namba moja kavu bila mipaka yake vinamnyima msomaji nusu ya habari.

Hata uwezekano wa mmenyuko wenyewe, ambao Morita na wenzake waliutoa kuwa femtobani 22, uliandikwa na mipaka yake: kati ya 9 na 42.

Juma lijalo: kelele za vipimo zinazojifanya vilele.