Mbigili, Mchanga na Mbuga: Tairi la Baiskeli kwa Mwaka Mzima wa Dodoma

Mvua inapoanza kukatika Dodoma, mwezi wa nne hivi, pembezoni mwa njia hutanda mmea mfupi unaotambaa, wenye maua madogo ya njano. Ni mbigili. Wakati huo hauna neno na mtu. Jua likishaupiga wiki kadhaa hukauka, na tunda lake gumu hupasuka vipande vitano vyenye miiba. Kila kipande kimeumbwa kwa namna ambayo kikianguka vyovyote vile, mwiba mmoja hubaki umetazama juu. Kuanzia hapo, anayekatiza kiwanja cha mpira kwa baiskeli anapita juu ya mtego.

Kuchagua tairi la baiskeli ya gia, ile ya kupita njia mbaya, kwa mtu wa Dodoma kunaanzia kwenye mwiba. Jambo hili linafaa kusisitizwa, kwa sababu maelezo mengi yanayokuja na matairi yameandikwa kwa ajili ya watu wa kwingine. Baiskeli hizi zilianza kupata umbo lake miaka ya 1970 kwenye vilima vya Marin, California, na leo matairi mengi hubuniwa kwa kufikiria misitu ya Ulaya yenye mizizi na utelezi. Huko, tairi la misimu yote ni lile linalohimili baridi na tope. Dodoma ina misimu miwili. Mvua huanza Desemba hivi na kuishia Aprili, kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu nusu ya ile inayonyesha Dar es Salaam. Miezi iliyobaki ni vumbi, upepo na jua kali. Anayetafuta tairi moja la mwaka mzima anatafuta tairi la kiangazi ambalo halitamwangusha wakati wa mvua.

Ardhi yenyewe ni ya namna tatu, na mara nyingi zote hukutana katika safari moja ya asubuhi. Milima ya mawe iliyosimama peke yake, kama ile inayouzunguka mji, ni miamba ya graniti. Ikimomonyoka hutoa changarawe kali na mchanga mnene. Mchanga huo huteremka na kujaa makorongoni, na katikati ya kiangazi korongo pana huwa kama ufuko usio na bahari. Kati ya makorongo kuna njia za udongo mwekundu, ngumu kama sakafu, zenye vijituta mfululizo kama bati. Na kwenye mabonde kuna mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi ambao ukikauka hupasuka nyufa za kuingia mguu, na ukilowa hushika kila kinachougusa.

Ukali wa ardhi hii una historia. Mwaka 1947 Waingereza walileta matrekta Kongwa, mkoani humuhumu, kwa ajili ya mradi mkubwa wa kulima karanga. Udongo wa mfinyanzi ulikauka kama tofali, na chembe za mawe magumu zilizochanganyika nao zikala majembe ya chuma kwa kasi ambayo hakuna aliyeitarajia. Mradi ulifungwa mwaka 1951 baada ya kumeza mamilioni ya pauni. Ikiwa chuma kililika, mpira utalika zaidi. Ndiyo maana tairi la nyuma, linalosukuma na kubeba uzito mwingi, linahitaji raba ngumu, hata kama raba laini hushika vizuri zaidi. Raba laini ikae mbele, kwenye kukata kona.

Kashata, yaani meno ya tairi, nazo zina siri yake. Muuzaji husifu tairi lenye meno marefu yaliyoachana, na machoni mwa mnunuzi linaonekana kuwa ndilo lenye nguvu. Meno ya namna hiyo yametengenezwa kuchimba tope laini na kulitupa. Kwenye njia ngumu ya kuelekea Hombolo au Mvumi yanavuma, yanapindapinda, yanamchosha mwendeshaji na kung'oka mapema. Tairi linalofaa lina meno mafupi yaliyobanana katikati ili lizunguke kwa wepesi, na meno makubwa zaidi pembeni ili likamate changarawe baiskeli inapolala kwenye kona. Ikiwa fedha inaruhusu matairi mawili ya aina tofauti, la mbele liwe na meno makubwa kidogo kuliko la nyuma. Gurudumu la nyuma likiteleza, mtu mara nyingi hujirudi. La mbele likiteleza, huwa ameshaanguka.

Upana ndio unaoamua mambo kwenye mchanga. Tairi la inchi 2.2 hadi 2.4 hutandaza uzito na kuelea pale ambapo tairi jembamba huzama hadi kwenye ringi. Lakini upana bila kupunguza upepo ni kazi bure. Wengi hujaza tairi mpaka liite kama ngoma likigongwa, wakiamini kwamba gumu ndilo jepesi. Kwenye lami, sawa. Kwenye njia ya vijituta na mawe, tairi gumu hurukaruka, na kila mruko ni nguvu ya miguu iliyopotea. Tairi lenye upepo wa wastani hufinyika juu ya jiwe na kuendelea mbele. Kwa mtu wa kilo 70 mwenye tairi la inchi 2.25 lenye tyubu, psi 30 hivi nyuma na 27 mbele ni mahali pazuri pa kuanzia. Ajaribu, kisha aongeze au apunguze kidogo kidogo. Ukishuka mno, tyubu hubanwa kati ya ringi na jiwe na kutoboka matundu mawili yaliyokaa sambamba. Fundi akiyaona anajua mara moja kwamba kosa halikuwa la mwiba.

Kabla ya kulipa, soma ubavu wa tairi. Namba za inchi zinadanganya. Baiskeli nyingi za mitumba kutoka Japani zina tairi lililoandikwa 26 x 1 3/8, na baiskeli ya gia ya zamani ina 26 x 2.1; zote ni "ishirini na sita", ila la kwanza linakaa kwenye ringi ya milimita 590 na la pili kwenye ringi ya milimita 559. Haziingiliani hata kwa nyundo. Ajabu zaidi, ile Phoenix ya "ishirini na nane" iliyobeba magunia ya mkaa na madumu ya maji miaka nenda rudi ina ringi ya milimita 635, kubwa kuliko "ishirini na tisa" ya kisasa yenye 622. Namba ya kuamini ni ile iliyoandikwa kwa mfano 57-622: upana milimita 57, ringi milimita 622.

Sasa turudi kwenye mwiba, maana tairi zuri kwa mengine yote bado linaweza kulala chini kabla ya saa nne asubuhi. Pancha ya baiskeli imekuwepo tangu John Boyd Dunlop alipotia upepo kwenye matairi ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe mjini Belfast mwaka 1888. Mwiba wa mbigili ni mfupi, na tairi lenye tabaka nene la kinga chini ya kashata huuzuia usifike ndani. Yapo yenye tabaka la raba la milimita tano. Mwiba wa mgunga ni mrefu na hauzuiliki hivyo. Mtundulu ndio mbaya kuliko yote, hasa pale kichaka kilipofyekwa na vijiti vikaachwa njiani. Kwa hiyo tabaka peke yake halitoshi. Linahitaji mwenzake, nayo ni dawa ya pancha, ule ute unaomiminwa ndani ya tairi ambao hukimbilia tundu na kuganda hapohapo.

Dawa hufanya kazi vizuri zaidi kwenye tairi lisilo na tyubu, mtindo ulioingia kwenye baiskeli za njia mbaya mwaka 1999. Mwiba ukiingia, ute huziba na safari huendelea. Hali ya hewa ya Dodoma, hata hivyo, huukausha haraka, na mwenye tairi la namna hii asipochungulia ndani kila baada ya miezi miwili atakuta utando mkavu. Kwa anayekaa mbali na duka la vipuri, tyubu nene yenye dawa ndani ni chaguo la busara kabisa. Iwe na valvu kama ya gari, kwa sababu kila kijiwe chenye kompresa kinaijaza. Ile nyembamba ya kizungu hudai kichwa maalumu cha pampu, na kichwa hicho hupotea.

Tairi hili lenye kinga litakuwa zito. Kwa gramu mia mbili au tatu za ziada mtu atachelewa kidogo kwenye mlima. Kwa pancha tatu njiani atachelewa nusu siku, juani.

Na mbuga ikilowa? Hapo hakuna tairi. Mfinyanzi hujaza kashata, kisha nafasi kati ya tairi na fremu, mpaka magurudumu yagome kuzunguka. Wenyeji wa mabonde ya Bahi, wanaolima mpunga kwenye udongo huohuo, hubeba baiskeli begani au huzunguka kwenye tuta la barabara. Tairi la 2.2 lina faida moja juu ya 2.4 msimu huo: linaacha nafasi ya kuchokonoa udongo kwa kijiti.

Jioni, kwa fundi chini ya mwarobaini, kazi ni ileile ya siku zote. Tyubu inazamishwa kwenye beseni, mapovu yanaonyesha tundu, msasa unapita, solusheni inapakwa na kuachwa ikauke, kiraka kinabandikwa. Fundi mzuri hairudishi tyubu hapo hapo. Huchukua kitambaa kikuukuu, akakipitisha taratibu ndani ya tairi lote, mzunguko mzima. Kitambaa kikinasa mahali, ncha ya mbigili iko hapo.