Wavu wa barza umetoboka: kushona ao kubadilisha?



Kila mara mvua inapokaribia kurudi, ulizo moja linatufikia katika mikutano: «Barza yangu niliifunga wavu tangu zamani, sasa umetoboka. Niushone ao ninunue mupya?» Feza ni ileile ya mbegu na ya minervali ya watoto, kwa hiyo ulizo hilo si la kuchezea. Tufikiri pamoja.

Kwanza, kwa nini tuhangaike na wavu? Inchi yetu ya Kongo ni ya pili duniani kwa wingi wa wagonjwa wa malaria, nyuma ya Nigeria. Mbu anayeleta malaria anauma zaidi usiku, na anaongezeka wakati wa mvua, ndiyo kusema wakati tunapopanda na kupalia. Mama akiwa hospitali na mutoto juma nzima, majani shambani hayamungojei. Huko Gambia, watafiti walifunga wavu kwenye milango na madirisha, na kuziba nafasi iliyo kati ya ukuta na paa. Matokeo yalitolewa mwaka 2009: mbu walioingia ndani walipunguka kwa nusu hivi, na watoto wenye kukosa damu walipunguka pia. Lakini wavu wenye matundu hauwezi kuleta faida hiyo.

Angalia mbao kabla ya wavu

Watu wengi wanaanza na tundu. Sisi tunaomba muanze na mbao. Chukua kisu, chomeka ncha chini ya nguzo na kwenye pembe za mulango, pale maji yanapokaa. Kisu kikiingia bila nguvu, mbao imeoza ao mchwa wameikula. Hapo kushona wavu ni kupoteza uzi: misumari haitashika. Mbao ikiwa nguvu, endelea.

Sasa wavu wenyewe. Ule wa plastiki unauliwa na jua. Ubonyeze kwa kidole gumba pahali pazima, si karibu na tundu. Ukipasuka, umekwisha, hata kama kwa macho unaonekana muzuri. Ule wa chuma unauliwa na kutu. Kunja waya moja: ikikatika kama jani kavu, usiushone. Kama ni mweusi tu kwa moshi wa jiko, uoshe kwa sabuni na brosi laini. Hewa itapita tena.

Mwisho, usiku weka taa ndani, wewe ukae inje. Pale mwangaza unapotoka chini ya mulango ao juu ya ukuta, na mbu anapita palepale. Mara nyingi tunakuta wavu uko muzima, lakini mulango haufungi vizuri. Hapo si wavu wa kununua: kipande cha kauchu ya zamani chini ya mulango kinatosha.

Tufanye hesabu

Tuseme barza ina metre 4 mbele na metre 2 kila upande: jumla metre 8 za wavu. Bei hizi ni mufano tu, muweke zile za soko lenu. Wavu franka 6,000 kwa metre, inakuwa 48,000. Bageti na misumari 12,000, fundi 15,000. Kubadilisha yote: franka 75,000. Kutengeneza upande mumoja mudogo: metre 2 za wavu 12,000, misumari 3,000, fundi 5,000. Jumla 20,000.

Kipimo chetu ni hiki: kama kutengeneza hakufikie nusu ya bei ya mupya, na wavu unaobaki umepita mutihani wa kidole, tengeneza. Kama kunapita nusu, ao kila sizoni unarudia kushona pahali pengine, badilisha. Feza kidogokidogo ya kila sizoni inaweza kupita bei ya wavu mupya, na homa haijatoka nyumbani.

Na kama feza ya yote haiko? Badilisha upande kwa upande, ukianzia kwenye mulango. Pande zingine uzishone vizuri wakati unangojea mavuno.

Kushona kunakodumu

Kata kiraka kinachopita tundu kwa vidole vitatu kila upande. Wavu wa plastiki ushonwe na nailoni ya kuvulia samaki, si uzi wa nguo unaooza. Kwa wavu wa chuma, toa waya chache pembeni ya kiraka, uzipitishe kwenye wavu muzima, kisha uzikunje upande wa pili. Ukinunua, chagua wavu wenye matundu madogo, kama milimetre 1 na nusu ao chini yake. Ule wa kuku haukamati mbu.

Mambo mawili ya kuangalisha. Musikate mustikere ya kitanda inayotumika bado ili kufunga dirisha: wavu wa barza unasaidia, lakini watoto walale chini ya mustikere hata hivyo. Ile iliyokwisha kupata ya kuibadilisha, hiyo inaweza kuziba nafasi chini ya mabati. Na musiioshe mutoni wala ziwani, kwani dawa yake inaua samaki.

Koperative inaweza kufanya nini? Rulo nzima kwa kawaida ina bei nafuu kuliko kununua metre kwa metre. Rulo ya metre 30 inatosha barza tatu kama ile ya mufano, na metre 6 zinabaki kwa madirisha. Basi kila mumoja apime barza yake, aandike urefu na kimo, alete karatasi kwa mwandishi wa koperative mbele ya mukutano unaokuja. Hapo tutajua wangapi wanashona na wangapi wananunua pamoja, kabla mvua haijaanza.