Gapi Wazidipo Nyumbani

Gapi, samaki mdogo wa mapambo mwenye asili ya Amerika ya Kusini, hatagi mayai. Huzaa watoto walio hai kila baada ya wiki 4 hivi, pengine 20, pengine 50. Kisha mama yao huwala! Yafaa tangi la kioo litiwe majani mengi ya majini wapate kujificha. Kumwondoa dume hakukomeshi uzazi papo hapo, kwani jike huhifadhi mbegu zake kwa miezi.

Wakizidi, wapewe majirani kambini walio na tangi tayari. Wapo wawamwagao ziwani kwa huruma. Huruma hiyo ina madhara. Sangara alitiwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950, na aina nyingi za furu zikatoweka.