Mchezaji Akivuka Mtaa, Amemsaliti Nani?

Kila mwaka, msimu wa kandanda unapokwisha na klabu zetu kuanza kusajili, neno moja zito hutolewa ghalani na kutumiwa ovyo mitaani, kazini na ndani ya mabasi. Neno hilo ni "msaliti". Huitwa hivyo mchezaji aliyezoeleka katika nyekundu akaonekana amevaa kijani, au aliyetoka Jangwani akapokewa Msimbazi. Yafaa, ndugu wasomaji, tulitazame neno hili kwa makini, maana katika lugha yetu ni neno la kumhukumia mtu, na anayehukumiwa nalo hapewi nafasi ya kujitetea.

Tuchukue mambo ambayo kila mpenzi wa Simba anayakumbuka. Jumamosi, tarehe 16 Machi, 2019, Simba ilikutana na AS Vita ya Kinshasa katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, ambao mwaka uliofuata ulipewa jina la Benjamin Mkapa. Huko Kinshasa, miezi miwili nyuma, Simba ilikuwa imefungwa mabao 5 kwa bila. Sasa ilihitaji ushindi ili iingie robo fainali ya Klabu Bingwa ya Afrika. Vita wakatangulia kufunga. Mohammed Hussein, yule ambaye washabiki humwita Tshabalala, akasawazisha kabla ya mapumziko. Muda ukaenda, watu wakaanza kutazama saa zao. Na dakika zilipokuwa zinakwisha kabisa, Clatous Chama, kijana wa Zambia, akatia bao la pili. Usiku ule hapakuwa na mtu wa Msimbazi ambaye asingewaachia wawili hao kitanda chake yeye akalala chini.

Wafungaji wote wawili wa usiku ule wamekwisha kuvaa jezi ya Yanga.

Chama alitangulia. Alikuwa amekuja Simba mwaka 2018, akaenda Morocco katika klabu ya RS Berkane mwaka 2021, akarudi Msimbazi mwanzoni mwa 2022. Mkataba wake ulipokwisha mwaka 2024, Yanga ikamtangaza mwanzoni kabisa mwa mwezi wa Julai. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Tshabalala, beki wa kushoto na nahodha, ambaye Simba ilimchukua kutoka Kagera Sugar mwaka 2014 na akaitumikia miaka 11. Kwa Chama watu waliweza kujifariji kwamba ni mgeni, na mgeni njoo, mgeni nenda. Kwa Tshabalala faraja hiyo haikuwapo. Alikuwa mtoto wa nyumbani, na ndiye aliyewaongoza wenzake kutoka vyumbani kuingia uwanjani.

Twajua jinsi habari za namna hii zinavyopokewa. Wako wanaonyamaza siku nzima kama waliofiwa. Wako wanaoichukua jezi yenye jina la mchezaji na kuitia moto mbele ya wenzao. Wako wanaogeuka ghafula kuwa waganga, wakatangaza kwamba miguu ya bwana yule imechoka na kwamba aende tu. Nao ndio wale wale ambao juma moja kabla walikuwa wakidai aongezewe mshahara. Na upande wa pili wa Kariakoo yupo aliyemzomea mchezaji huyo miaka mitano mfululizo, ambaye sasa anamwimbia na kusema kwamba siku zote aliona kuwa moyo wake ulikuwa Jangwani.

Haya, tulirudie neno lenyewe. Kusaliti ni kumtoa mwenzako kwa adui hali alikuamini. Ni kuivunja ahadi kwa siri ili upate faida. Mchezaji aliahidi nini? Aliahidi yaliyoandikwa katika mkataba wake: kufanya mazoezi, kucheza, kutii nidhamu ya klabu, kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani. Ikiwa ameyatimiza hayo hadi siku ya mwisho, na siku hiyo ikapita, ahadi ipi aliyoivunja? Fundi akimaliza mkataba wake katika kiwanda kimoja cha nguo, kisha akaajiriwa katika kiwanda kilicho ng'ambo ya barabara, hakuna anayesimama langoni kumchomea ovaroli. Dereva akitoka kampuni moja ya mabasi akaenda nyingine, abiria humwuliza tu kama anawahi kufika. Tukimwona mchezaji kuwa mtu wa namna nyingine, ni kwa sababu kazi yake hutufurahisha, na mara nyingi tunasahau kwamba ni kazi.

Haki hiyo ya kuondoka mkataba ukiisha haikuokotwa njiani. Wafanyakazi wanaosoma makala haya watapenda kujua jinsi ilivyopatikana. Nchini Uingereza, hadi Januari 1961, ujira wa mchezaji haukuruhusiwa kuzidi paundi 20 kwa juma, hata kama uwanja ulijaa watu kwa ajili yake. Ukomo huo uliondolewa baada ya chama cha wachezaji kutishia mgomo. Tena palikuwa na jambo baya kuliko ujira. Mkataba ulipokwisha, klabu iliweza kumshikilia mchezaji bila kumwachia aende kwingine. George Eastham wa Newcastle United alikataa hali hiyo mwaka 1960. Aliweka viatu chini, akatafuta riziki kwa kazi nyingine kwa miezi kadhaa, hata klabu ikakubali kumwuza kwa Arsenal. Wengine wangeridhika hapo. Yeye, akisaidiwa na chama cha wachezaji, akaendelea na kesi, na mwaka 1963 Jaji Wilberforce akaamua kwamba utaratibu ule ulikuwa unamzuia mtu kufanya kazi yake bila sababu ya haki.

Bara la Ulaya lilichelewa zaidi. Jean-Marc Bosman, mchezaji wa RFC Liège ya Ubelgiji, alimaliza mkataba wake mwaka 1990. Klabu ikampa mkataba mpya wenye mshahara wa robo tu ya ule wa kwanza, na alipotaka kwenda Dunkerque ya Ufaransa hakuachiwa. Alihangaika mahakamani miaka mitano. Tarehe 15 Desemba, 1995, Mahakama ya Haki ya Ulaya ikaamua kwamba mchezaji aliyemaliza mkataba yu huru kwenda klabu ya nchi nyingine ya Umoja wa Ulaya bila kununuliwa. Wachezaji waliokuja baada yake wametajirika kwa hukumu ile. Yeye mwenyewe hakuonja utajiri huo, mpira wake ulikuwa umekwisha kuharibika. Kijana anayehama leo kutoka Msimbazi kwenda Jangwani kwa mkataba uliokwisha anapita katika njia iliyofyekwa na watu kama hawa.

Lakini tusimfanyie haraka mshabiki. Kumwambia mtu mwenye uchungu kwamba "sheria inaruhusu" ni kumpa karatasi badala ya maji. Mshabiki hana mkataba, wala hakuna tarehe ambayo mapenzi yake yatakwisha. Wengi waliipata klabu kutoka kwa baba kama walivyopata ukoo. Analipa kiingilio kutoka katika mshahara ambao kabla haujafika umekwisha kugawanywa kwa kodi ya nyumba, unga na ada za watoto. Jumatatu asubuhi, timu ikifungwa, ni yeye anayechekwa karakana nzima. Mchezaji hayupo pale kuchekwa pamoja naye. Mchezaji anaweza kuhama, mshabiki hawezi. Akimwona mtu aliyembeba moyoni miaka 11 akilibusu beji la wapinzani, ataumia, na atakuwa mtu wa ajabu asipoumia. Kulia kwake si ujinga, na kuzomea uwanjani ni jambo la mchezo tangu mchezo ulipoanza.

Twasema hayo huku tukikumbuka chimbuko la klabu hizi mbili. Yanga ilianzishwa mwaka 1935. Mwaka uliofuata, kama wazee wanavyosimulia, baadhi ya watu wake hawakuelewana na wenzao, wakajitenga na kuanzisha timu yao, ambayo ilipita katika majina ya Queens, Eagles na Sunderland kabla ya kuitwa Simba mwaka 1971. Ikiwa kuhama ni usaliti, basi waliohama wa kwanza hawakuwa wachezaji wa siku hizi. Mwana-Simba anayelitupa neno hilo kwa nguvu nyingi na aangalie lisimrudie babu yake.

Na kumbukumbu zetu nyingine ni fupi kwa makusudi. Tarehe 8 Machi, 2020, Bernard Morrison wa Ghana aliifungia Yanga bao pekee dhidi ya Simba. Msimu huo ulipokwisha, alikuwa mchezaji wa Simba. Yanga ikadai kwamba bado alikuwa na mkataba nayo, na shauri hilo likafika hadi Mahakama ya Usuluhishi ya Michezo nchini Uswisi, ambako Yanga ilishindwa. Wakati huo ni Jangwani walioitwa wajinga kwa kulalamika, na Msimbazi waliofundisha watu habari za haki ya mchezaji. Mwaka 2022 Morrison akarudi Yanga, na walimu wakabadilishana darasa. Haruna Niyonzima wa Rwanda alikwenda na kurudi. Emmanuel Okwi wa Uganda alikwenda na kurudi. Kila mara msaliti alikuwa yule anayetoka, na anayeingia akawa mtu aliyefumbuka macho.

Wala si kwetu peke yetu. Luís Figo, Mreno aliyependwa mno Barcelona, alihamia Real Madrid mwezi wa Julai 2000, baada ya Florentino Pérez kushinda urais wa klabu hiyo na kulipa fedha zilizotajwa katika mkataba kuwa bei ya kumwachia. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo huo akarudi katika uwanja wa Camp Nou kwa jezi nyeupe, na kila alipogusa mpira uwanja mzima ulipiga kelele za chuki. Barcelona wakashinda 2 kwa bila. Bao la kwanza lilifungwa na Luis Enrique, na watu wakamshangilia kama mtoto wao. Luis Enrique alikuwa ametoka wapi? Alitoka Real Madrid, mwaka 1996, mkataba wake ulipokwisha.

Miaka miwili baadaye, tarehe 23 Novemba, 2002, Figo alikwenda tena kwenye kibendera kupiga kona mbele ya watu wale wale. Safari hii zilirushwa chupa, sarafu, na hata kichwa cha nguruwe. Refa akausimamisha mchezo kwa muda wa kama robo saa. Ulipoendelea, ukaisha bila kwa bila, na watu wachache tu wanakumbuka matokeo. Wanachokumbuka ni picha ya kile kichwa kikiwa majanini. Klabu yenye sifa duniani kote ilibaki na picha ile kwa sababu mtu mmoja alibadili mwajiri.

Hapo ndipo pa kuweka mpaka, na ni vema tuuweke sisi wenyewe kabla polisi hawajauweka. Zomea, imba, geuza mgongo mchezaji anapotajwa. Jezi ni yako, uliinunua. Ukipenda kuichoma, hasara ni yako. Lakini kumtukania mtu mama yake, kumwambia mgeni arudi kwao kana kwamba alikuja kuomba, kumwandikia mkewe matusi usiku wa manane kwa simu, kumvizia njiani mtoto wake anayekwenda shule: hayo hayana uhusiano na kandanda. Mtoto huyo hakutia saini popote. Zamani tusi la uwanjani lilibaki uwanjani, mvua ikinyesha likaenda nayo. Siku hizi huingia hadi chumbani, nalo halifutiki. Na wenye kuyafanya si wahuni wasiojulikana, kama tunavyopenda kusema. Baadhi yao ni watu wazima wenye kazi zao, ambao wangeona aibu kama maneno yao yangesomwa mbele ya wenzao kazini.

Liko na jambo la mwisho ambalo katika vumbi hili lote halionekani. Mchezaji anapoondoka bure kwa sababu mkataba umekwisha, mwenye kujibu wa kwanza ni nani? Mkataba una tarehe. Tarehe hiyo iko katika faili la klabu tangu siku ya kutia saini. Tena kanuni za FIFA zinamruhusu mchezaji aliyebakiza miezi sita au pungufu kutia saini na klabu nyingine, kwa hiyo mkataba unaokwisha Juni hauwezi kuwa siri ikifika Desemba. Inawezekana viongozi walizungumza naye wakashindwana kwa fedha. Inawezekana waliona umri umekwenda, wakaamua kumwachia kwa hesabu zao. Yote mawili yaweza kuwa uamuzi wa busara. Lakini mara nyingi washabiki hawaelezwi, na hasira inapowaka viongozi hukaa kimya wakiiacha imwangukie aliyekwisha kuondoka, maana hasira hiyo kwao ni mwavuli mzuri.

Mwanachama anayelipa ada yake ana haki ya kusimama katika mkutano na kuuliza: ni wachezaji wangapi mikataba yao inakwisha mwezi wa Juni, nani amekwisha kuzungumza nao, na wamejibu nini? Aulize mapema, mwezi wa Desemba, jezi yake ikiwa bado nzima.