Vyuma vya Jioni Taveta

Siku za Jumatano na Jumamosi, soko la Taveta lifurikapo watu wa pande zote mbili za mpaka, mikungu ya ndizi hupakiwa katika malori kwa mabega ya wanaume. Atazamaye kazi hiyo huenda akashangaa kusikia ya kuwa wako vijana ambao, kazi ya kutwa ikiisha, hukutana nyuma ya nyumba kunyanyua vyuma na makopo yaliyojazwa saruji. Wazee huuliza, na swali lao lina haki: mzigo usiopelekwa popote wabebwa kwa nini?

Nchi ya Taveta inaijua mizigo. Wajerumani waliuteka mji huo mwezi wa Agosti 1914, na Waingereza wakaurudisha mwezi wa Machi 1916. Katika vita ile maelfu ya wapagazi walitembezwa na mizigo ya ratili 50 na zaidi, na wengi mno walikufa kwa maradhi na njaa. Jina la kikosi chao limebaki hata leo katika Kariakoo ya Dar es Salaam. Baadaye yakaja mashamba ya mkonge. Nguvu za mtu zilikuwa mali ya yule aliyezihitaji, na mwenye mwili alipata kidogo. Kijana anyanyuaye chuma jioni hamfanyii mtu kazi. Uzito ni wake, na hesabu ni yake.

Tena iko tofauti ya pili, ambayo mkulima ataielewa upesi. Mpakiaji hubeba uzito ule ule mwaka kwa mwaka, wala hapumziki vya kutosha. Mwili wake huuzoea, ukakoma kuongezeka nguvu. Mwenye kufanya mazoezi huongeza kidogo kidogo. Wagiriki wa kale walisimulia habari za Milo wa mji wa Croton, mpiga mieleka, ambaye ati alimbeba ndama kila siku tangu udogo wake hata akawa fahali. Wafugaji watacheka, maana ndama hukua upesi kuliko nguvu za mtu. Walakini kanuni iliyomo katika hadithi hiyo ni ya kweli. Uzito wa kwanza ukiisha kuzoeleka, huongezwa kilo moja au mbili, kisha mwili hupewa siku ya kupumzika, kwa kuwa misuli hujijenga wakati wa mapumziko na usingizi.

Vyombo vyenyewe si ghali. Kopo la lita 4 likijazwa zege hupata kilo 9 au 10 hivi. Makopo mawili katika ncha za bomba la chuma huwa karibu kilo 20, mbali na bomba, na kwa mwanzo hizo zatosha kabisa. Debe la lita 18 hupita kilo 40, nalo si la mwanafunzi. Atakayelikimbilia siku ya kwanza ili awaonyeshe wenzake, mgongo utamdai. Saruji nayo iachwe siku saba ikinyunyiziwa maji, la sivyo itapasuka na kumwangukia mtu mguuni.

Sasa habari za moyo. Yuko karani mwembamba, kama walivyo wengi, aliyezoea kukaa nyuma mkutanoni na kusema kwa sauti isiyosikika. Atembeapo, mabega yamejikunja. Katika majuma manne ya kwanza kioo hakimwonyeshi lolote, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Lakini ndani yake jambo limekwisha kutendeka: mishipa ya fahamu imejifunza kuiamrisha misuli, na uzito uliomshinda Jumatatu ya kwanza sasa waondoka chini. Daftari lake lasema kilo 20, kisha 22, kisha 25. Hakuna aliyemsifu, wala hana haja ya kusifiwa, maana hesabu anaiona mwenyewe. Ataanza kusimama wima kabla kifua hakijapanuka, na siku atakapoulizwa neno mbele ya watu, atajibu bila kutazama sakafu.

Mashindano makubwa ya kwanza ya kutunisha misuli yalifanyika London tarehe 14 Septemba 1901, katika ukumbi wa Royal Albert Hall. Aliyeyaandaa alikuwa Eugen Sandow, na miongoni mwa waamuzi alikuwamo Arthur Conan Doyle, mtungaji wa hadithi za Sherlock Holmes. Kutazamwa si kosa. Walakini anyanyuaye ili atazamwe tu hatosheki kamwe. Kila aonapo mkono mnene kuliko wake hujiona dhaifu tena. Hao ndio wanaoponzwa na sindano za homoni, ambazo hudhuru moyo na ini na kumpunguzia mwanamume uwezo wa kuzaa.

Wala mchezo huu si wa wanaume wenye miguu mizima peke yao. Hellen Wawira Kariuki wa Kenya hushindana katika kunyanyua uzito kwa watu wenye ulemavu, mshindani akiwa amelala chali juu ya benchi na kuusukuma uzito kwa mikono. Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Birmingham, mwaka 2022, alitwaa medali ya shaba.

Kwa chakula, mkaaji wa Taveta hana la kulalamikia: maharage, kunde, mayai, maziwa, samaki wa Ziwa Jipe, na ndizi zile zile za sokoni. Unga wa makopo yenye picha za majitu, uuzwao kwa bei kubwa, waweza kungoja.